Jora la Bure na Mkasi wa Fundi

Wahenga walinena kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Sisi tufundishao Kiswahili katika shule za umma za Uganda tumeishi na methali hii kwa muda mrefu, kwani vitabu vyetu vingi vimekuwa nguo za namna hiyo: vimetungwa kwingine, kwa ajili ya watoto wengine. Sasa tumeletewa kitu tofauti. Nyenzo huria za elimu, jina lililobuniwa katika mkutano wa UNESCO mjini Paris mwaka 2002, si nguo iliyokwisha kushonwa. Ni jora, na mwenye kulitoa ametupa na ruhusa ya kulikata. Mradi wa African Storybook, ulioanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, umekuwa ukitoa hadithi za watoto kwa njia hii tangu mwaka 2014, na Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi za majaribio ya awali. Mwalimu aweza kuisoma hadithi, kuitafsiri, kuibadili na kuichapa bila ya malipo, mradi amtaje mtungaji.

Neema hii hatuidharau. Lakini jora halimvishi mtu mpaka lipite mkononi mwa fundi. Yafaa basi tujiulize: mkasi umeshikwa na nani, naye anakata kwa kipimo cha nani?

Tumevipitia vijitabu kadha vya aina hii vilivyotafsiriwa na watu mbalimbali vikafika madarasani mwetu. Hatutavitaja kwa majina, maana nia yetu si kumwaibisha mtu. Katika kimoja, mvulana anamwendea bibi yake na kumwambia, "Hujambo, Bibi." Katika cha pili, mama anawapikia wanawe mpunga. Katika cha tatu, watoto wanafika shuleni saa saba asubuhi. Kosa hili la mwisho limewadhulumu watu wawili kwa mpigo mmoja, kwa kuwa Mganda naye, kama Mswahili, huihesabu saa ya kwanza tangu kucha. Mtoto aliyeambiwa nyumbani kwamba ni saa moja anafika darasani na kukuta kitabu kikimkanusha mama yake.

Pengine msomaji atasema haya ni makosa madogo ya tafsiri. Sisi hatuoni hivyo. Watoto wetu wengi hawakukipata Kiswahili mapajani mwa mama. Kwa miaka mingi lugha hii ilijulikana kwetu kuwa ni lugha ya kambini, ya amri na matusi, na wapo wazazi ambao hadi leo huishuku. Mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilipendekeza Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Lakini pendekezo la wakubwa haliondoi shaka moyoni mwa mzazi. Mtoto akirudi nyumbani na kitabu ambamo mjukuu hamwamkii bibi yake kwa "Shikamoo", mzazi yule atasema: je, sikusema kwamba lugha hii haina adabu? Kitabu hicho ndicho jamaa pekee Mswahili ambaye mtoto anaye. Akiwa hana heshima, mtoto atajifunzia wapi?

Liko na kosa la upande wa pili. Baadhi yetu hudhani kwamba kuihamisha hadithi ni kumwita John jina la Mukasa, na kuifuta theluji tukaandika mvua. Tumesahau kwamba katika milima yetu wenyewe ya Rwenzori theluji ipo, na mtoto wa Kasese huiona kwa macho yake. Tena, mtoto anayo haki ya kujua mambo ya mbali. Mwalimu Nyerere alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare na kuipa jina la Mabepari wa Venisi mwaka 1969, hakuuhamishia mji ule Bagamoyo. Aliuacha ulipo, ila katika jina alichagua neno "mabepari", ambalo wasomaji wake walikuwa wakilijadili tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967. Alijua la kuacha na la kukata.

Je, tukate kwa kipimo cha mwambao au cha nyumbani kwa mtoto? Maoni yetu ni kwamba adabu ya lugha, yaani maamkizi, majina ya ukoo, hesabu ya saa, ifuate Kiswahili chenyewe. Nayo mambo ya hadithi yamwelekee mtoto. Mara nyingi pande hizi mbili hazigombani. Tulikuta hadithi ambamo msichana anapewa mawaidha na "anti" yake. Kwa Waganda mwenye wajibu huo ni ssenga, dada wa baba. Nacho Kiswahili kina neno lake kamili, shangazi. Mfasiri alilipita neno lililokuwa likimngoja mlangoni.

Lawama isiwe ya wafasiri peke yao. Sisi walimu tumechapa na kugawa tusichokisoma, kwa sababu tu kilikuwa cha bure. Tunapendekeza kila hadithi, kabla ya kuchapwa, isomwe kwa sauti mbele ya mtu aliyelelewa katika Kiswahili na mbele ya mzee wa mahali petu, na makosa yasahihishwe. Aidha tuitazame leseni, maana zipo zinazoruhusu kugawa tu na kukataza kubadili. Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Yahitaji jioni chache, na fundi mwenye kumpima mtoto kabla ya kukata kitambaa.