Vilima Vyekundu na Vitanda vya Wanafunzi

Watu wengi wasikiapo jina la chuo kikuu huwaza waalimu na vitabu, na labda kofia nyeusi za siku ya kupewa shahada. Walakini chuo huishi kama nyumba yo yote iishivyo: yuko mpishi aamkaye kabla ya mapambazuko, yuko afagiaye, yuko atengenezaye mabomba, na yuko aketiye na daftari la hesabu akizitazama fedha zisizotosha. Twataka kunena habari za chuo kimoja cha Kilutheri huko Marekani, na za picha tatu zilizotundikwa humo, kwa kuwa katika shauri la picha hizo mambo ya nyumba ile yalidhihirika yote, ya jikoni na ya sebuleni pia.

Chuo hicho ni Valparaiso, katika jimbo la Indiana, si mbali sana na mji wa Chicago. Kilianzishwa mwaka 1859 na Wamethodisti, kikafungwa, kikafufuliwa mwaka 1873, kikapata sifa ya kuwasomesha wana wa maskini kwa ada ndogo. Baadaye kilikuwa karibu kufa tena, ndipo mwaka 1925 Walutheri walipokinunua. Wala si kanisa lenyewe lililokinunua, ila chama cha Walutheri wa nia moja. Baada ya Vita Kuu ya Pili wanafunzi wa uhandisi walilijenga jengo la kazi yao kwa mikono yao wenyewe. Twayataja hayo ili msomaji ajue kwamba watu hawa hawakuwa wageni wa jasho wala wa uhaba.

Basi, mwaka 1953 chuo kilipokea urithi uliotoka kwa Percy Sloan: picha nyingi zilizochorwa na baba yake, Junius Sloan, pamoja na za wachoraji wengine, na fedha za kununulia picha nyingine za Kimarekani. Baba huyo hakuwa mchoraji wa jina kubwa. Alichora nchi aliyoijua, mashamba na mito, kwa uaminifu, akafa mwaka 1900. Na mwanawe hakupenda kazi ya mikono ile ioze gizani. Katika urithi huo ilikuwamo picha ya milima iliyochorwa na Frederic Church katikati ya karne ya 19, alipokuwa angali kijana. Kwa fedha za urithi chuo kilinunua mwaka 1962 picha ya Georgia O'Keeffe iitwayo Vilima Vyekundu vya Kutu, kwa dola 5,700. Na mwaka 1967 picha ya Childe Hassam iitwayo Utaji wa Fedha na Mlango wa Dhahabu. Nyumba ya picha hizo ilisimamiwa miaka mingi na mwalimu Richard Brauer, hata ikapewa jina lake.

Tumeiona picha ya Vilima katika chapa tu, na chapa huiba nusu ya rangi. Hata hivyo iliyobaki yatosha kusema neno. Si kubwa: mtu mmoja aweza kuibeba kwapani. O'Keeffe aliichora mwaka 1930, baada ya kuanza kwenda nchi kavu ya New Mexico. Hamna mtu ndani yake, wala nyumba, wala njia. Vilima vimekunjamana kama nguo iliyotupwa kitandani, vyekundu kama jembe lililosahauliwa mvuani, na mbingu imepewa nafasi ndogo tu. Atazamaye kwa haraka atasema ni udongo mtupu. Atazamaye mara ya pili ataona kwamba udongo ule una mwili. Wako wasemao kuwa uchoraji wa namna hii ni wa watu walioshiba. Nasi twajibu kwamba mwenye kulima vilima vyekundu maisha yake yote ndiye awezaye kuihukumu picha hii kuliko tajiri wa mjini.

Ya Hassam ni ya mwaka 1914, maji ya mlango wa bahari wa San Francisco chini ya ukungu, kabla ya daraja kubwa kufunguliwa mwaka 1937. Yapendeza, ila twaiona nyepesi; rangi zake zacheza juu ya maji na hazizami. Ya Church ni kazi ya kijana ajifunzaye kutazama. Lakini ziweke zote tatu pamoja na mashamba ya mzee Sloan, utaona jambo ambalo hakuna iwezayo kulisema peke yake: watu wa taifa moja wakiitazama nchi yao kwa muda wa miaka themanini, tangu milima ya Church mpaka udongo wa O'Keeffe ulioachwa uchi. Mwalimu mwenye picha hizo ukutani ana somo zima bila kufungua kitabu.

Mwanzo wa mwaka 2023 wakuu wa chuo walitangaza kwamba wanataka kuziuza zote tatu. Hapo ndipo jikoni na sebule zilipogombana. Wanafunzi walikuwa wamepungua, hawakufika 3,000. Shule ya sheria ilikuwa imekwisha kufungwa mwaka 2020. Na mabweni ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza yalikuwa yamechakaa. Mzazi ampelekaye mwanawe kwanza huuliza atalala wapi. Picha ya O'Keeffe peke yake ilikadiriwa kufikia dola milioni 15. Wakuu wakasema kwamba picha si kiini cha kazi ya kufundisha.

Hatuwacheki wakuu hao. Sisi tuliolala wawili katika kitanda kimoja shuleni, chini ya paa lenye kuvuja, twajua kwamba mtoto aliyelowa usiku hasomi asubuhi. Tena yule mwenye daftari la hesabu hachukuliwi kuwa mtu wa maana mpaka siku mishahara ya wapishi na wafagiaji inapokosekana. Kama wangalisema, "Tuna njaa, tunauza ng'ombe wa urithi," tungalihuzunika nao, na labda tungalinyamaza.

Lakini walisema zaidi. Masharti ya urithi wa Sloan yalitaka zinunuliwe picha zenye kushika desturi za kale; basi chuo kikadai mbele ya hakimu kwamba ya O'Keeffe na ya Hassam si za namna hiyo, kwa hiyo hazikupasa kununuliwa tangu hapo. Hili ndilo tulilaumulo. Chuo kilizitumia picha hizo zaidi ya miaka hamsini, kikazionyesha kwa wageni, kikawafundishia vijana. Na siku ya shida kikamtumia marehemu kama shahidi dhidi ya picha alizozilipia. Kwa macho ya uchoraji pia hoja hiyo ni dhaifu. Junius Sloan aliiheshimu nchi jinsi ilivyo, hakuipamba. O'Keeffe amefanya vivyo hivyo kwa mkono mkali zaidi. Akitafutwa mrithi wa yule mzee katika nyumba ile, twadhani ni yeye kuliko Hassam.

Wengi walipinga, na vyama vya nyumba za picha vya Marekani pia. Maana ni kanuni yao kwamba fedha za picha iliyouzwa zirudi katika picha, zisiingie katika matofali na saruji. Mwezi wa Septemba mwaka 2023 picha ziliondolewa ukutani zikawekwa mahali pa siri. Mwaka 2024 mahakama iliruhusu masharti yabadilishwe na fedha za mauzo zitumike kwa mabweni. Mwaka huo huo nyumba ya picha ilifungwa, na kazi ya msimamizi wake ikaondolewa.

Mwalimu Brauer alikuwa na umri wa miaka 95 shauri hili lilipoanza. Ndiye aliyeshiriki kuichagua picha ya Vilima, wakati ilipokuwa bei ya motokaa nzuri na hakuna aliyedhani itazaa mamilioni. Hakuwa na mali ya kushindana na chuo, wala jeshi la mawakili. Alikuwa na kitu kimoja tu, yaani jina lake juu ya mlango. Akawaambia wakuu kwamba wakiziuza picha zile, walifute.