Kujua Kipi Kitangulie

Mgonjwa wa pumu anapofikishwa chumba cha dharura ameinama mbele, mikono imeegemea magoti, tabibu mzoefu humwuliza swali la kawaida tu: "Umeanza lini kubanwa, mama?" Jibu lina kazi yake, lakini sikio limeshaanza kuhesabu maneno. Anayemaliza sentensi kwa pumzi moja bado ana nafasi. Anayesema "jana", akavuta hewa, kisha "usiku", akavuta tena, amekwisha kueleza ukali wa hali yake kabla ya kipimo chochote kubanwa kidoleni. Macho nayo yako shingoni na mbavuni, yanatazama kama nyama zinadidimia kila pumzi. Vidole viko kwenye kifundo cha mkono, vinasikiliza kama mapigo yamepita 110 kwa dakika. Mgonjwa anadhani anasalimiwa, kumbe ameshapimwa.

Naiheshimu kazi hii ya kuokoa wagonjwa wa pumu na wa mzio mkali kwa sababu vifaa vyake ni vichache na dawa zake nyingi ni za zamani. Adrenalini ilitengwa na Jokichi Takamine, mkemia Mjapani aliyefanya kazi Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20. Salbutamoli, dawa ya kufungua njia za hewa, ilianza kutumika mwaka 1969. Ustadi wenyewe uko katika kujua kipi kitangulie, na katika kutodanganywa na kinachoonekana.

Chukua mzio mkali. Mtu amechomwa sindano ya penisilini, ameumwa na nyuki, au amekula kamba. Baada ya dakika chache mwili unajigeukia wenyewe: mishipa ya damu inalegea na kuvujisha maji, presha inaporomoka, koo linavimba, njia za hewa zinabana. Wafaransa Charles Richet na Paul Portier walieleza jambo hili mwaka 1902, walipoona mbwa walionusurika sumu ya kiumbe wa baharini wakifa upesi kwa kiasi kidogo cha sumu ileile majuma kadhaa baadaye. Richet alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1913.

Kinachoonekana kwanza mara nyingi ni vipele na muwasho, na mkono mchanga hukimbilia dawa ya kutuliza muwasho. Mkono uliokomaa hushika adrenalini: nusu miligramu kwa mtu mzima, kwenye msuli wa paja, katikati, upande wa nje. Paja lina msuli mkubwa wenye damu nyingi, hivyo dawa hufika upesi kuliko ikichomwa chini ya ngozi. Kuisukuma moja kwa moja kwenye mshipa kunaweza kuuvuruga moyo, na huachiwa wataalamu wenye mashine ya kuufuatilia. Dawa hii moja hukaza mishipa iliyolegea, hufungua njia za hewa na huupa moyo nguvu. Hali isipotulia, hurudiwa baada ya dakika tano.

Wakati huo mgonjwa amelazwa chali, miguu imeinuliwa. Akishindwa kupumua akiwa amelala, huruhusiwa kukaa, ila hasimamishwi ghafla hata akisema amepata nafuu, kwa kuwa damu ikishuka miguuni moyo unaweza kubaki mtupu. Nesi anayemzuia kwa upole asiende msalani kwa miguu yake anaokoa maisha, ingawa hakuna atakayemsifu kwa hilo.

Kwenye pumu mpangilio una mantiki nyingine. Oksijeni hutolewa ikihitajika, na salbutamoli hurudiwa kila dakika 20 katika saa ya kwanza. Predinisoloni, dawa ya steroidi, huchukua saa kadhaa kufanya kazi, na ndiyo maana hutolewa mapema: dawa inayochelewa haipaswi kuchelewa kuanza. Hali ikigoma, hufuata magnesi kwa njia ya mshipa.

Katikati ya yote, tabibu anasikiliza kifua. Miluzi ikitoweka, ndugu hufurahi. Yeye huuliza kwanza: imetoweka kwa sababu hewa inapita vizuri, au kwa sababu haipiti kabisa? Mgonjwa aliyekuwa akihangaika, sasa anasinzia, huenda amechoka kupumua. Kuutilia shaka utulivu wakati chumba kizima kinaushukuru ni sehemu ngumu kuliko zote, na hujifunzwa kitandani pa wagonjwa, chini ya macho ya aliyetangulia.

Ustadi huu pia haungoji vifaa vya bei. Mjini Cape Town, Heather Zar na wenzake walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa tundu la kuikaza inhela, iliwafikishia watoto wenye pumu dawa vizuri kama kifaa cha dukani cha kazi hiyo.

Nafuu ikija, kazi inaendelea. Mzio unaweza kurudi saa kadhaa baadaye bila kuguswa upya na kilichouanzisha, kwa hiyo mgonjwa hubakizwa chini ya uangalizi. Wa pumu huonyeshwa upya namna ya kuvuta inhela, naye huirudia mbele ya mhudumu mpaka aipatie. Anayefanya hivyo saa kumi alfajiri, foleni ikimngoja mlangoni, anastahili heshima ileile tunayompa daktari wa upasuaji, na anastahili kukuta adrenalini kabatini kila anapoinyooshea mkono.