Mahali Palipofutwa: Ukumbi wa DDC Kariakoo na Uhakiki wa Nyimbo za Dansi

1.0 Utangulizi
Mwanafunzi wa fasihi simulizi hapa Kikuyu, Dodoma, hujifunza mapema fundisho la M. M. Mulokozi kwamba fasihi simulizi ni tukio linalotawaliwa na mwingiliano wa mambo sita: fanani, hadhira, fani, tukio, mahali na wakati. Afikapo mwaka wa tatu na kuandika tasinifu kuhusu nyimbo za dansi, matano kati ya hayo huwa yamekwisha kutoweka. Hubaki fani peke yake, tena ikiwa imenukuliwa kutoka kwenye kanda au simu na kupangwa beti kwa beti kana kwamba ni shairi la kitabuni. Makala haya yanadai kwamba kosa hilo si la mwanafunzi bali ni letu sisi tunaomsimamia, na kwamba mahali, ambapo hufutwa kwanza, hubeba maana isiyoweza kurejeshwa kwa uchambuzi wa maneno pekee. Mfano wetu ni Ukumbi wa DDC Kariakoo, Dar es Salaam, na bendi iliyoufanya maskani yake, Mlimani Park Orchestra.

2.0 Mahali ndani ya jina
Bendi hii iliundwa mwaka 1978 na kuchukua jina la baa ilimokuwa ikipiga. Baadaye ilimilikiwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam (DDC), ikaongeza herufi hizo katika jina lake. Mtindo wake, Sikinde, una jina la ngoma ya Wazaramo. Hivyo, kabla neno lolote halijaimbwa, msikilizaji amekwisha kutajiwa baa, shirika la umma na ngoma ya wenyeji wa mji. Mhakiki anayeanza na ubeti wa kwanza ameruka utangulizi ambao hadhira ya Kariakoo iliujua bila kuambiwa.

3.0 Chemko si takriri tu
Wimbo wa dansi kwa kawaida una sehemu mbili. Ya kwanza huenda taratibu na kubeba kisa. Ya pili, chemko, huongeza kasi, magitaa na ala za kupuliza zikashika usukani, na waimbaji wakarudia kibwagizo kifupi. Katika tasinifu nyingi nilizosahihisha, chemko huandikwa kwa mistari miwili na alama ya kurudia, kisha huelezwa kuwa ni "takriri inayosisitiza ujumbe". Maelezo hayo ni haba. Ukumbini, kibwagizo hurudiwa kwa sababu sakafu imejaa, na hukoma wachezaji wanapoanza kulegea au kiongozi anapotoa ishara. Urefu wake ni matokeo ya mapatano baina ya jukwaa na sakafu. Toleo lililorekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, studio iliyohifadhi sehemu kubwa ya muziki huu, ni mapatano ya siku moja, tena bila wachezaji. Sisi tumelifanya kuwa matini asilia, na matoleo mengine yote tumeyaona kuwa nyongeza.

4.0 Nani anayesemeshwa?
Mfano wa pili ni wa kiisimu zaidi. Wimbo "Mtoto Akililia Wembe" wa bendi hiyo una jina ambalo ni nusu ya methali. Kitenzi kikuu, "mpe", hakimo katika jina hilo. Kimo kinywani mwa hadhira. Muundo wa namna hii humtaka msikilizaji awe mshiriki tangu mwanzo, na ukumbi ndipo ushiriki huo unapoonekana kwa macho.

Vivyo hivyo kwa viwakilishi vya nafsi. Kelly Askew, katika kitabu chake cha mwaka 2002 kuhusu muziki na siasa ya utamaduni nchini Tanzania, ameonesha jinsi anayetunza katika taarab anavyoweza kuyageuza maneno ya mwimbaji kuwa yake na kumlenga mtu aliyemo ukumbini. Dansi nalo lina jambo hilo. Jioni moja pale Kariakoo nilimwona mama mmoja akiinuka mwimbaji alipofika penye neno "wewe". Alikwenda hadi jukwaani, akambandika mwimbaji noti kwenye paji la uso, lakini macho yake hayakumtazama mwimbaji hata kidogo. Yalielekea meza moja upande wa kushoto. Mezani pale kicheko kilikatika. Kisa chao sikukijua. Hata hivyo, "wewe" yule aliyekuwa wa jumla katika kanda alikuwa amepata mwenyewe, na hakuna sarufi ya sentensi ile ambayo ingeweza kunitajia.

5.0 Pingamizi na pendekezo
Itasemwa kwamba Kariakoo ni mbali na Dodoma, na kwamba zama za kumbi hizo zimefifia. Hoja ya kwanza haina uzito. Mwanafunzi wa Kikuyu ana Chamwino jirani, ambako Wagogo hukutana katika tamasha la muziki wao, na ambako wanawake hupiga ngoma za muheme mbele ya watu wanaojua lini waitikie. Uwanja ule ni mahali kama ukumbi ulivyo mahali, na unadai maswali yaleyale. Hoja ya pili ni nzito: maonesho ya miaka ya 1980 hayawezi kuhudhuriwa tena. Basi tasinifu iseme wazi kwamba inachambua toleo la redio, na isidai zaidi ya hapo.

Napendekeza, kwa hiyo, kwamba kila tasinifu kuhusu nyimbo iwe na sura moja inayoeleza onesho moja ambalo mwandishi amelihudhuria: lilifanyika wapi, nani alikaa wapi, nani aliinuka penye neno gani, wimbo ulirefushwa wapi na kwa sababu ipi. Asiyeweza kuhudhuria awahoji waliohudhuria. Sura hiyo haitachukua nafasi ya uchambuzi wa tamathali na mizani, ambao bado tunauhitaji. Itatuzuia tu kuendelea kuwafundisha wanafunzi mambo sita na kuwatahini kwa moja.