Wati 100 Zinaingia, Ngapi Zinatoka? Uchambuzi wa Antena ya Fimbo ya Gari

Land Cruiser za mashirika ya misaada zilizokuwa zikitoka Lokichoggio kuingia Sudan Kusini, au zikizunguka kambi za wakimbizi za Kigoma, zilitambulika kwa mbali kwa fimbo ndefu iliyosimama kwenye bampa ya mbele. Kwa fimbo hiyo dereva aliongea na ofisi iliyokuwa mamia ya kilomita kutoka alipo, bila mnara wala setilaiti. Wanaredio wa ridhaa hufanya kazi ileile kwenye magari yao wenyewe, mara nyingi kwa antena walizoziunda nyumbani. Redio zao zinakaribiana nguvu. Nyingi hutoa wati 100. Kinachowatofautisha ni wati ngapi zinafika hewani, na hapo tofauti ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani, maana kipimo wanachokitegemea sana ndicho kinachowapoteza.

Tuanze na urefu. Gawanya 300 kwa masafa yako ya megahezi, utapata urefu wa wimbi kwa mita. Kwenye 145 MHz wimbi lina mita 2 na kidogo, na fimbo ya robo wimbi inafika sentimita 50 hivi, inakaa juu ya paa bila taabu. Kwenye 7.1 MHz wimbi lina mita 42, robo yake inapita mita 10. Hakuna gari la kutembea na fimbo hiyo chini ya nyaya za umeme. Fundi anaikata mpaka mita 2.5, na tangu hapo anaanza kulipa.

Fimbo iliyokatwa hivyo ina tabia ya kapasita, kwa hiyo anaiwekea koili ili kuifuta tabia hiyo na kuirudisha kwenye mwitiko wa 7.1 MHz. Lakini koili hairudishi urefu uliopotea. Ukinzani wa mnururisho, yaani ule unaowakilisha nishati inayoondoka kweli kwenda hewani, unaporomoka. Kwenye robo wimbi kamili ni omu 36 hivi. Fimbo ya mita 2.5 yenye koili chini kabisa inabaki na omu 1.4, koili ikipandishwa katikati, omu 3. Kila omu nyingine iliyo kwenye mzunguko, iwe ya waya wa koili au ya bodi ya gari na udongo ulio chini yake, inageuza nguvu yako kuwa joto.

Chukua antena mbili zenye koili katikati, zimefungwa kwenye gari lilelile ambalo upotevu wake wa ardhi ni omu 8. Ya kwanza ina koili iliyosukwa kwa waya mwembamba uliobanana kwenye bomba jembamba. Inaongeza omu 36 za hasara. Ya pili ina koili pana ya waya mnene. Hasara yake ni omu 6. Katika ya kwanza, mnururisho ni omu 3 kati ya 47, basi kati ya wati 100 zinatoka 6 tu. Katika ya pili ni omu 3 kati ya 17, zinatoka karibu 18. Hiyo ni mara tatu kasoro kidogo, au desibeli zaidi ya 4, na kwa mtu anayesikika kwa tabu katikati ya kelele, desibeli 4 ndizo zinazoamua kama jina lako litanakiliwa au utaombwa urudie mpaka uchoke.

Sasa weka kipimo cha SWR, yaani uwiano unaoonyesha jinsi omu za antena zinavyolingana na za kebo. Kebo na redio zimeundwa kwa omu 50. Antena mbovu yenye omu 47 inasoma karibu 1.1, sindano imelala kabisa. Antena nzuri yenye omu 17 inasoma karibu 3, na redio nyingi zitapunguza nguvu zenyewe kujilinda. Mwenye antena mbovu anakenua, mwenye nzuri anaing'oa na kuitupa. Zaidi ya hapo, ile mbovu itamvutia mtu hata kwa upana wa masafa: inasoma vizuri karibu bendi nzima, wakati ile nzuri inakaa sawa kwenye sehemu tu ya kilohezi 200 tulizo nazo kwenye bendi ya mita 40 katika Kanda ya 1 ya shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU. Wembamba huo ni dalili ya afya. SWR inapima jinsi nguvu inavyopokelewa. Haisemi inakwenda wapi baada ya kupokelewa.

Kwa hiyo kazi yote ipo kwenye koili na kwenye ardhi. Kwa koili ya katikati ya 7 MHz unahitaji takriban mikrohenri 40. Bomba la plastiki la milimita 63, waya wa shaba wa kipenyo cha milimita 1.6, mizunguko 40, kila mzunguko ukiacha nafasi sawa na unene wa waya: utapata koili ya sentimita 13 hivi, na utatumia waya wa karibu mita 8. Nafasi hiyo kati ya mizunguko usiibane. Kwenye 7 MHz umeme unatembea kwenye ngozi ya nje ya shaba, unene usiofika hata sehemu moja ya arobaini ya milimita, na mizunguko ikigusana kwa karibu inasukumana umeme na kuufinya kwenye eneo dogo zaidi la ngozi hiyo. Usiifunike koili kwa gundi nzito wala utepe mweusi. Ukitaka kupunguza mizunguko, weka nyota ya vijiti vya chuma karibu na ncha ya juu, mbali na koili. Inaongeza kapasita ya juu, koili inapungua, na mnururisho unapanda. Kwa maoni yangu hakuna rekebisho la bei nafuu linalolipa kama hilo.

Ardhi husahaulika zaidi. Hasara yake ikipanda kutoka omu 8 hadi 15, zile wati 18 zinashuka chini ya 13, na sehemu ya faida ya koili yako nzuri inapotea. Mlango wa buti unashikwa na bawaba zenye rangi na grisi. Kwa mawimbi haya ni kama haupo. Kwangua rangi kwa msasa mpaka chuma kimeremete, funga utepe mpana wa shaba iliyosukwa kutoka mlango hadi bodi, ufanye hivyo kwa boneti, kwa bomba la moshi na kwa fremu, kisha paka grisi juu ili kutu isirudi. Kitako cha sumaku kinafaa kwenye 145 MHz kwa sababu kapasita yake na paa, tuseme pikofaradi 100, inapitisha mawimbi hayo kwa kizuizi cha omu 11 tu. Kwenye 7 MHz kizuizi hichohicho kinapita omu 220. Toboa, funga bolti.

Koili ya namna hii inafaa bendi moja tu. Aliyelitatua vizuri tatizo la kubadili bendi ni mwanaredio Mmarekani Don Johnson, mwenye ishara ya wito W6AAQ. Badala ya kubeba koili tofauti kwa kila bendi, alichukua mota ya bisibisi ya umeme isiyo na waya, akaitumia kupandisha na kushusha koili ndani ya bomba la chini la antena. Vidole vya shaba vyenye mkazo kwenye mdomo wa bomba vinaigusa koili inapopita. Sehemu iliyo nje inafanya kazi, iliyo ndani imezimwa. Dereva anabonyeza swichi na kuangalia mita, hateremki garini. Udhaifu wake upo kwenye vidole hivyo: vumbi na chumvi ya pwani vikiingia, mguso unaleta hasara ileile tuliyoikimbia. Visafishwe mara kwa mara.

Ile SWR ya 3 huondolewa mwishoni. Koili ndogo ya mikrohenri 0.8 kati ya mguu wa antena na bodi, fimbo ikiwa imefupishwa kidogo, inainua omu 17 hadi 50, na inamwaga chini chaji tuli ya vumbi. Halafu pima kinachotoka: diodi, mita ndogo na kipande cha waya kwenye kigingi kilichowekwa kila mara mahali palepale, hatua kadhaa kutoka garini, vitakuonyesha ipi kati ya antena mbili ina nguvu. Au tumia WSPR, programu ya kurusha ishara hafifu ya Joe Taylor, K1JT, mshindi wa Nobeli ya fizikia wa 1993. Vituo vya mbali vitakuletea desibeli zako. Usiiguse fimbo wakati wa kurusha, maana juu ya koili kuna zaidi ya volti 2,000. Leseni uwe nayo mkononi, kutoka mamlaka ya mawasiliano: TCRA kwa Tanzania au CA kwa Kenya.

Na kama fimbo yako fupi ya 7 MHz inasoma SWR ya 1.1 bila koili ndogo wala kitu kingine cha kulinganisha omu pale mguuni, ifungue uikague koili.