Ubunifu wa Mtoto na Dhiki ya Familia: Uhakiki wa Filamu ya Liyana kwa Kuilinganisha na Ngano ya Masala Kulangwa

Sehemu hii inahakiki dhima ya ubunifu wa mtoto katika Liyana (2017), filamu ya Aaron Kopp na Amanda Kopp inayochanganya uhalisi na katuni. Ni rahisi kuichukulia njozi ya mtoto kuwa kimbilio pindi familia inapopatwa na dhiki. Uhakiki huu una mtazamo tofauti: mtoto hubuni ili aweze kuikabili dhiki akiwa na mamlaka juu yake.

Filamu inawaonesha watoto yatima wa Eswatini wakitunga hadithi kwa kuongozwa na Gcina Mhlophe, mtambaji wa Afrika Kusini. Mhusika wao, Liyana, amefiwa na wazazi. Wanyang'anyi wanawateka wadogo zake mapacha, naye anafunga safari na fahali kwenda kuwakomboa. Jambo la kuzingatia ni kwamba watunzi hawakumwepusha mhusika wao na msiba walioujua wenyewe. Walimpa msiba kwanza, kisha wakampa safari. Aidha, michoro ya Shofela Coker husogea kidogo tu, hivyo sauti ya mtoto ndiyo inayoongoza, kama ilivyo kwa fanani mbele ya hadhira yake.

Muundo huo si mgeni kwa Wasukuma. Katika ngano ya Masala Kulangwa, zimwi Shing'weng'we linawameza watu wote isipokuwa mwanamke mjamzito. Mwanawe anapokua anauliza walipo watu wengine. Jibu analopewa linamfanya alisake zimwi, aliue na kulipasua, na waliomezwa wanatoka hai. Hata hivyo, katika baadhi ya masimulizi kisu chake kinamkata bibi kizee sikio, naye anamgeuka mkombozi wake. Ushindi wa mtoto una gharama.

Tofauti ya msingi ni kwamba Kulangwa anamrejesha baba, ilhali Liyana anawapigania ndugu waliobaki tu. Filamu inakiri kwamba kuna wasioweza kurejeshwa.

Tofauti hiyo ina uzito Kharumwa, wilayani Nyang'hwale, katika ukanda wa dhahabu wa Geita, ambako wachimbaji wadogo hushuka maduarani kutafuta riziki. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2013 ilibainisha kuwa watoto, wakiwamo yatima, hufanya kazi za hatari katika machimbo madogo nchini Tanzania. Kwa mtoto wa mazingira hayo, baba kumezwa na ardhi si sitiari ya mbali.

Ubongo Kids, iliyoanza kurushwa mwaka 2014, imethibitisha kwamba katuni za Kiswahili zinaweza kutengenezwa nchini, ingawa humo ubunifu hutumika zaidi kufundishia hisabati na sayansi. Hivyo basi, inapendekezwa kuwa ngano ya Masala Kulangwa ifanywe katuni kwa kuwashirikisha watoto wa machimboni katika utunzi, na waachiwe wao kuamua iwapo baba atarudi.