Istilahi za Mtunga Programu: Tathmini Kutoka Magomeni

Desturi yetu, kila itokapo orodha mpya ya istilahi, ni kuitathmini kwa macho. Mkono wa kushoto kuna neno la kigeni, mkono wa kulia kuna la Kiswahili, na mhakiki hupitisha kidole akijiuliza kama hili latosha kwa lile. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo mara nyingi, na sikuona ubaya wake. Siku hizi naona kwamba kipimo hicho kina upungufu mkubwa, hasa kwa istilahi za kompyuta, nao sikuugundua katika semina wala katika kikao cha kusanifu, bali barazani kwangu, Magomeni Mikumi.

Nina kijana jirani ambaye ni mpiga chapa katika duka la vifaa vya kuandikia karibu na Mapipa. Kazi yake ni kuchapa barua za watu, maombi ya kazi, fomu za vikundi na mitihani ya shule za karibu. Kwa miezi michache sasa amekuwa akijifundisha kutunga programu ndogo kwa Python, lugha ya kompyuta iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1991, ili mashine imfanyie kazi za maandishi zinazomchosha: kuhesabu maneno, kupanga orodha, kubadilisha neno moja kwa jingine katika majalada mengi kwa pamoja. Anapokwama humsubiri mwanafunzi mmoja wa chuo ambaye hushuka kwenye basi la mwendokasi jioni na kupita kwetu akienda nyumbani. Wao hushughulika na programu. Mimi, kwa maradhi ya ualimu, nilichukua daftari nikawa naandika maneno wanayotumia.

Jioni ya kwanza niliyoandika kwa makini ilikuwa jioni ya hasara. Mteja alikuwa amemletea fomu na barua za wanachama, akataka neno “kazi” liondolewe kila mahali na badala yake liwekwe “ajira”. Kijana akatunga mstari mmoja wa amri, akauendesha, akachapa nakala mia mbili bila kusoma. Mteja alipofika alikuta kila mwanachama amejitambulisha hivi: “Mimi ni majira wa Magomeni.” Wakazi walikuwa wamegeuka “waajira”, na makazi yao “maajira”. Karatasi na wino vilikatwa katika ujira wa kijana.

Msaidizi wake alipotazama ule mstari alitambua kosa mara moja, akasema: “Hujaweka baunda, mdogo wangu. Stringi yako inamechi popote.” Kijana akaitikia kwa kichwa, akajaribu, akakosea tena. Akaelezwa vilevile kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba ugonjwa ulikuwa wa masikio. Hapo nikathubutu kuingilia, nikamwomba mwanafunzi yule aseme jambo lilelile kama angemwambia mama yake. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa utaratibu: “Kompyuta haijui neno. Inajua herufi zinazofuatana tu. Wewe umeiambia itafute k, a, z na i, nayo imezikuta ndani ya mkazi. Iambie ikague mpaka wa neno, huku na huku.” Kijana akacheka, akashika kichwa, akarekebisha mstari wake bila kusaidiwa.

Sina haja ya kusema kwamba “mpaka wa neno” haikutoka katika orodha yoyote aliyopata kuisoma. Ilizaliwa pale kwa sababu ilihitajika. Hata hivyo naihesabu kuwa istilahi bora, na sababu zangu si za hisia. Mkazi yeyote wa mji huu anajua mpaka wa kiwanja ni nini, na ugomvi gani hutokea mtu anapoujengea jirani ukuta ndani yake. Neno lenyewe lina jamaa: kuna kupakana, kuna kuvuka mpaka, kuna kuweka mpaka, na zote zaweza kutumika katika kueleza programu bila kuazima chochote. “Baunda”, kinyume chake, ni yatima. Huwezi kuinyambua. Anayeijua anaijua, na asiyeijua hapati pa kushikia.

Hapo ndipo nilipopata kipimo ninachotaka kuwapendekezea watafsiri na walimu wenzangu. Istilahi isipimwe katika safu mbili za orodha peke yake, bali ipimwe pia katika sentensi ambayo mjuzi humwambia mwanagenzi aliyekwama. Ikiwa sentensi inasimama na mwanagenzi anaondoka, istilahi imefaa. Ikiwa mjuzi analazimika kupaza sauti, tuitilie shaka.

Kwa kipimo hicho, baadhi ya maneno niliyoyapenda mimi mwenyewe yameanguka. Nilikuwa mtetezi wa “kitanzi” kwa ile sehemu ya programu inayorudia amri zilezile mara nyingi, ambayo vijana wetu huiita “lupu”. Niliona ni neno letu wenyewe. Fundi cherehani wa Kariakoo analo kwa ajili ya vifungo, na mtega ndege analo. Nikamshawishi mwanafunzi yule alitumie. Jioni moja programu ikawa haisimami, naye akamwambia kijana kwa ufasaha kabisa: “Kitanzi chako hakina mwisho, kikaze.” Mama wa kijana, aliyekuwa akikaanga vitumbua hatua chache kutoka hapo, aliacha upawa akasema Mungu apishe mbali. Hakuna orodha ambayo ingenionyesha kasoro hiyo. Tangu siku ile husema “marudio”: marudio hayana kikomo, punguza marudio, rudia mpaka mstari wa mwisho. Mtu aweza kupinga kwamba mpira wa miguu tayari una mechi za marudio. Na ziwe nazo, hakuna atakayezichanganya.

Neno gumu kuliko yote ni lile ambalo wao huliita “stringi”. Nimeona likitafsiriwa “mfuatano wa herufi”, na kwa macho linavutia. Lakini programu haishughuliki na herufi peke yake. Nafasi tupu, nukta, tarakimu na mkwaju, vyote ni viungo vya huo mfuatano, na hapana hata kimoja kati yake kilicho herufi. Mwalimu akimwambia mwanafunzi kwamba namba ya simu ni mfuatano wa herufi, mwanafunzi ana haki ya kubisha. Afadhali basi “mfuatano wa alama”, herufi ikabaki kuwa herufi. Tofauti hii si ya anasa, kama alivyoonja kijana wetu katika kazi yake ya pili.

Kazi hiyo ilikuwa yangu. Nina orodha ya istilahi za kiofisi niliyoikusanya kwa miaka mingi, Kiingereza kikiwa mbele na Kiswahili nyuma, kila jozi katika mstari wake na alama ya sawasawa katikati. Nilimwomba aigeuze, Kiswahili kitangulie, kisha aipange kialfabeti. Alikata kila mstari penye alama ya sawasawa, akabadilisha pande, akapanga. Matokeo yalikuwa ya ajabu. “Bunge” lilitangulia “alama”, kwa kuwa mashine huziweka herufi kubwa zote mbele ya ndogo. Maneno ambayo niliyatanguliza nafasi kwa bahati mbaya yalijikusanya kileleni kama wageni wa heshima. Na neno “ng’ambo” lilitokea mara mbili: moja mbele ya “ngano”, jingine nyuma ya “nguzo”. Tulilitazama kwa muda mrefu. Kumbe katika miaka niliyochapa orodha ile, kwa mashine tofauti, kikomeo cha ng’ nilikiandika mara kwa alama iliyonyooka na mara kwa ile iliyopinda. Kwa jicho langu ni kitu kimoja. Kwa mashine ni alama mbili zenye namba mbili, moja ikitangulia herufi zote na nyingine ikizifuata zote.

Shida haikuishia hapo. Programu yake ya kuhesabu maneno ilikuwa inakata neno kila ikutanapo na kitu kisicho herufi. Kwa hiyo “ng’ombe” alichinjwa kuwa “ng” na “ombe”, na hilo “ng” likahesabiwa kuwa neno la Kiswahili linalotumika sana. Mwanagenzi aliyefundishwa kwamba ng’ ni sauti moja, huandikwa kwa herufi mbili na kikomeo, na kwa hiyo ni alama tatu kwa mashine, ataliona kosa hili mapema. Yule ambaye ameambiwa tu “herufi” kwa mambo yote matatu hataliona. Kwa maoni yangu vitabu vyetu vya kompyuta vingeanzia na tofauti hii, kabla ya kumwonyesha mwanafunzi kiwambo na kibodi.

Nalo neno “neno” lahitaji uangalifu. Programu ya kawaida huita neno chochote kilichoko kati ya nafasi mbili. Watafsiri wanalijua hili kwa mifuko yao, maana wengi hulipwa kwa hesabu ya maneno. Kiingereza kinahitaji maneno sita kusema kwamba bado sijawaambia. Kiswahili kinasema “sijawaambia” na kufunga mdomo. Anayelipwa kwa neno la Kiswahili hupata moja ya sita ya anayelipwa kwa neno la Kiingereza, na kazi ni ileile. Nashauri mikataba itaje wazi hesabu inafanywa katika matini ya lugha ipi, na nashangaa kwamba jambo hili bado huachwa kwa bahati.

Ugumu huo wa neno letu ulikwisha kuonekana na wataalamu zamani. Mwaka 1992 Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alichapisha maelezo ya jinsi kompyuta inavyoweza kuchanganua mofolojia ya Kiswahili, ikitenga viambishi na mzizi badala ya kutosheka na nafasi tupu. Mwanagenzi wa Magomeni hahitaji mtambo mkubwa kiasi hicho, lakini anahitaji kuonywa. Hata baada ya kujua mpaka wa neno, aliacha “kazini” bila kuguswa, kwa sababu kiambishi kilikuwa kimeusogeza mpaka. Na alipoagizwa kubadilisha “chombo” kuwa “mtambo”, alitoa “mtambo hiki kimeharibika”, kwa kuwa amri ilibadilisha nomino ikauacha upatanisho mahali pake. Makarani wanaotumia tafuta-na-badilisha katika nyaraka za Serikali wanalifahamu kosa hili, ingawa wachache watakiri.

Yafaa tuulize kwa nini msamiati wa mtunga programu umechelewa hivi, ilhali wa mtumiaji umekomaa. Historia inajibu kwa sehemu. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza mashine hizo. Katika miaka ileile ambayo Baraza, lililoundwa mwaka 1967, lilikuwa likitoa istilahi za nyanja mbalimbali kwa bidii, hapakuwa na watu wengi wa kuyahitaji maneno ya kutunga programu. Kompyuta ziliporudi zilikuja zimekwisha kutungiwa programu zake, na sisi tukatafsiri kile kilichoonekana kwenye kiwambo. Mradi wa KiLinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulikuwa kazi ya kusifiwa. Kwa mara ya kwanza karani aliweza kufungua, kuhariri na kuhifadhi kwa Kiswahili. Walakini hayo yote ni maneno ya mtu anayebonyeza. Anayeandika amri zenyewe aliachiwa Kiingereza, au ule mchanganyiko wa “inamechi” na “inalupu” ambao si Kiingereza wala Kiswahili. Hiyo ndiyo lawama yangu kubwa kwa orodha nilizoziona: zinamchukulia Mswahili kuwa mnunuzi.

Wako watakaosema kwamba maneno yamekwisha kuenea na haifai kuyagusa. Sikubaliani nao. Mwendo wa dakika chache kutoka barazani kwangu, Mtaa wa Ifunda, ipo nyumba aliyokaa Mwalimu Nyerere. Tafsiri yake ya Shakespeare iliyotoka mwaka 1963 ilirudi mwaka 1969 imesahihishwa, na hata jina lake likawa Juliasi Kaizari. Ikiwa mtafsiri mwenye shughuli za kuongoza nchi alipata wasaa wa kurekebisha, kamati zetu hazina udhuru.

Nisieleweke kuwa nakataa maneno ya kuazima. Faili, programu na kompyuta yamekwisha kuwa wenyeji, na jitihada za kuyaondoa zingepoteza wino bure. Tena mtaa una maneno ambayo kamati haikuyafikiria. Programu isipoendelea, kijana wangu hasemi kuna hitilafu ya sintaksia. Husema “imegoma”, kisha hutafuta inadai nini. Kwa kueleza tukio lenyewe sijapata bora zaidi.

Lililobaki ni lile la “stringi”. “Mfuatano wa alama” ni sahihi, lakini ni refu kwa mtu anayelitamka mara hamsini katika jioni moja, na “mfuatano” tayari una kazi yake katika hisabati. “Tungo” limechukuliwa na wanaisimu. “Uzi” ni tafsiri sisisi isiyomwambia mtu lolote. Nililijaribu barazani, na kijana akauliza uzi wa rangi gani. Walimu wanaofundisha somo hili na watafsiri waliokutana nalo kazini wanaombwa walete neno walitumialo, pamoja na sentensi nzima waliyomwambia mwanafunzi na jinsi alivyoipokea.