Duara Mbili kwenye Karatasi Moja

Watu wakiutaja uchaguzi wa jimbo la 94 la Virginia, hutaja bakuli. Bakuli lenyewe zuri kweli: la kauri, bluu na nyeupe, kazi ya mfinyanzi Steven Glass, liliazimwa kutoka makumbusho ya sanaa ya Virginia. Tarehe 4 Januari 2018, mjini Richmond, vikopo viwili vya filamu za kamera viliwekwa ndani yake, vile vya plastiki ambavyo vijana wa leo hawavijui, kila kimoja kikiwa na karatasi yenye jina la mgombea. Mwenyekiti wa Bodi ya Uchaguzi, James Alcorn, akatia mkono, akatoa kimoja, akasoma: David Yancey. Mjumbe akapatikana, na picha ikazunguka dunia.

Mimi bakuli silistaajabii. Kuokota karatasi hakuna ufundi. Mtoto wa chekechea anaweza. Kazi ya kutazamwa ilifanyika wiki mbili kabla, tarehe 19 Desemba, mjini Newport News, kwenye meza ambazo watu wachache walizipiga picha.

Newport News ni mji wa mwambao wenye yadi inayounda manowari kubwa za kubebea ndege za Jeshi la Majini la Marekani. Jimbo la 94 lilikuwa vitongoji vyake: nyumba za familia, shule, maduka yenye viwanja vya kuegesha magari, wapiga kura wasiofungwa na chama kimoja. Yancey, wa Republican, alikuwa akikitetea kiti chake. Shelly Simonds, wa Democratic, alikuwa mjumbe wa bodi ya shule za mji. Kura zilipigwa tarehe 7 Novemba 2017, na zilipojumlishwa Yancey aliongoza kwa kura 10, kati ya zaidi ya 23,000.

Kumi! Familia moja pana ingeweza kuziba pengo hilo kwa gari mbili. Na uzito wake haukuwa wa Newport News pekee. Kabla ya siku ile Republican walishika viti 66 kati ya 100 vya baraza la wajumbe la Virginia. Usiku ule wimbi liliwachukulia viti 15. Yancey akibaki, wangekuwa 51 kwa 49. Simonds akishinda, 50 kwa 50, na wangelazimika kugawana madaraka.

Sheria ya Virginia haihesabu upya yenyewe. Aliyeshindwa ndiye anayeomba, na tofauti ikiwa ndogo mno, nusu ya asilimia moja au chini yake, gharama inabebwa na umma. Kisha mahakama inachukua kazi. Majaji watatu wanasimamia, na wanaohesabu wanakaa wawiliwawili: mmoja kutoka kila upande. Hapo ndipo ufundi unapoanza, kwa sababu meza hiyo imepangwa ili mtu asiweze kufanya lolote bila mpinzani wake kukubali. Wakikubaliana, kura inahesabiwa au inakataliwa. Wasipokubaliana, karatasi inawekwa kando na kupelekwa kwa majaji.

Kwetu, Kenya na Tanzania, kazi hii huanza usiku uleule kituoni. Karatasi inaoneshwa mawakala, wanakodoa macho chini ya taa, anayebisha anabisha papo hapo. Virginia wana mashine ya kusoma karatasi, na mashine inafanya kama mama anayechagua mchele: punje safi zinapita, chuya na vijiwe vinabaki kwa ajili ya vidole. Siku ya kuhesabu upya inaelekezwa itenge karatasi za aina tatu: ambayo haikuonesha mgombea katika kinyang'anyiro kile, ambayo inaonekana kuchagua wengi kuliko inavyoruhusiwa, na ambayo mpiga kura ameandika jina kwa mkono. Hizo zinasomwa kwa macho ya binadamu.

Ni vizuri kukumbuka kwamba palikuwa na karatasi za kusoma. Septemba ya mwaka uleule, miezi miwili kabla ya uchaguzi, bodi ya jimbo zima la Virginia ilikuwa imezipiga marufuku mashine za kugusa kioo, kwa hofu ya usalama. Mashine ile ukiiuliza mara ya pili inakurudishia jibu lilelile la kwanza. Karatasi inaweza kukujibu kitu kingine.

Msomaji wa kura hapewi uhuru wa kubuni. Virginia ina mwongozo wenye picha, mfano baada ya mfano: mtu aliyetia alama ya vema badala ya kujaza duara, aliyezungushia jina, aliyejaza kisha akafuta. Anachotakiwa kutafuta ni nia ya mpiga kura kama inavyoonekana kwenye karatasi. Hana ruhusa ya kusema "huyu bila shaka alitaka", kwa sababu ya mtaa au kwa sababu ya kanuni za chama. Ushahidi wote ni wino. Nimewahi kuona watu wenye elimu kubwa wakishindwa kuheshimu mpaka huo hata katika kusoma barua ya ndugu yao.

Jioni ya tarehe 19 hesabu ikasema Simonds 11,608, Yancey 11,607. Pengo la kumi lilikuwa limefutika na upande wa pili ukaongoza kwa moja. Wademokrati wakashangilia.

Lakini katika karatasi zilizosomwa mezani ilikuwamo moja ambayo wahesabuji walikubaliana kuiacha. Iangalieni. Duara ya Simonds imejazwa. Duara ya Yancey, jirani yake, nayo imejazwa. Mashine ingeishia hapo: wawili, haihesabiki. Ila juu ya duara ya Simonds umepita mstari wa ziada, mkwaruzo mmoja wa mlalo. Ukipanda juu kwenye kinyang'anyiro cha ugavana, duara ya Ed Gillespie wa Republican imejazwa, nayo ina alama ya ziada juu yake. Na katika nafasi nyingine mpiga kura amewachagua Republican.

Sasa soma. Mkwaruzo juu ya Simonds ni wa kufuta? Basi mpiga kura alikosea, akafuta, akajaza Yancey, na kura ni ya Yancey. Lakini kama alama ya ziada inafuta, kwa nini ipo juu ya Gillespie, ambaye hakuna mwingine aliyejazwa badala yake? Labda mkono huu una mazoea ya kukaza alama pale unapotaka kusisitiza. Kwa hoja hiyo mkwaruzo juu ya Simonds ungekuwa mkazo! Kila usomaji una mguu wa kusimamia, na yote yanatoka kwenye kipande cha wino kisichozidi ukucha. Nimeitazama picha yake mara nyingi, na kila mara nikianza na Gillespie napata jibu moja, nikianza na Yancey napata jingine.

Mhesabuji wa upande wa Republican, aliyekuwa amekubali karatasi ile iachwe, aliandikia mahakama akasema amebadili mawazo. Tarehe 20 majaji wakaiita, wakaisoma, wakaamua kura ni ya Yancey. Kura 11,608 kwa 11,608. Upande wa Simonds uliomba waangalie tena, mahakama ikakataa tarehe 3 Januari, na kesho yake bakuli likatolewa.

Kwenye usomaji, naona majaji walikuwa na sababu. Walitumia karatasi nzima kuwa shahidi wa sehemu yake, na mtu aliyewachagua wa chama kimoja juu mpaka chini ni rahisi kuamini kwamba alitaka kuendelea hivyo. Kwenye utaratibu sikubaliani nao. Uzuri wa ile meza ni kwamba makubaliano ya wapinzani wawili yanafunga jambo. Ukimruhusu mmoja kulala, kuamka, na kulifungua upya baada ya kujua kwamba kura moja ndiyo inayoamua, umeharibu chombo ambacho kilimfanya awe mkweli. Walipokuwa mezani hakuna aliyejua karatasi ile ina thamani gani. Usomaji wa saa ile ulikuwa safi kuliko wowote uliofuata, wa majaji ukiwemo.

Minnesota walikuwa na kesi ya jamaa yake mwaka 2008, katika uchaguzi wa Seneti ambao Al Franken alishinda kwa kura 312 kati ya karibu milioni 2.9. Mpiga kura mmoja alijaza duara ya Franken, kisha akaandika kwa mkono kwamba anawachagua "watu-mijusi". Wanasheria walibishana kwa sura nzito kama mijusi hao ni wagombea. Bodi ikaamua kwamba amechagua wawili, kura ikaanguka. Mcheshi yule nadhani alicheka kidogo tu.

Yancey aliapishwa, na Republican wakabaki na 51. Mwaka 2019 Simonds alirudi, mipaka ya jimbo ikiwa imechorwa upya kwa amri ya mahakama ya shirikisho, na akashinda kwa tofauti iliyomwacha kila mhesabuji nyumbani.

Kuna ufundi mwingine katika hadithi hii ambao haukupata majaji watatu wala mwongozo wa picha. Ni wa karani anayekaa na ramani na orodha ya mitaa, kuamua kila nyumba ipo jimbo gani. Mstari wa jimbo unapita katikati ya kitongoji, wakati mwingine katikati ya barabara, na nyumba ya mkono wa kushoto inapewa karatasi tofauti na ya mkono wa kulia. Ukikosea mtaa mmoja hakuna mashine itakayolia. Mei 2018 gazeti la Washington Post liliripoti kwamba wapiga kura 26 wa jimbo la 94, katika kituo chenye Wamarekani weusi wengi na kinachoelemea Democratic, walikuwa wameorodheshwa kimakosa katika jimbo la 93. Walipanga foleni, wakapewa karatasi isiyokuwa na jina la Yancey wala la Simonds, wakajaza duara zao vizuri bila mkwaruzo, na kura zao zikahesabiwa kwa jirani.